Jembe la Siku ya Kwanza

Pamba ndiyo iliyokuwa ikinipa habari. Kila binti yangu alipoingia kwangu jioni na kusema ametoka kliniki, nilimtazama kwanza begani, kisha kisogoni, kisha kwenye pindo la gauni. Nikiona unyuzi mweupe umeng'ang'ania, najua amepitia kule. Simwulizi. Nautoa kwa vidole viwili, nauweka kiganjani, namwonyesha.

"Mama, wewe ungefaa kuwa askari," anasema na kucheka.

Mimi sicheki. Mtu mwenye binti mmoja tu, tena mwenye mimba ya kwanza, anacheka nini?

Kule maana yake ni kwa Mama Pamba.

Mama Pamba si wa kwetu. Alizaliwa nchi ya mbali, ambako watu wanasema lugha ambayo ukiisikia mara ya kwanza unadhani wanagombana, kumbe wanasalimiana. Baba yake alikuwa fundi magodoro, na kwa kuwa hakupata mtoto wa kiume, kazi alimrithisha yeye. Akaolewa, mume akafa mapema, mtoto hakujaliwa. Kisha nchi yao ikachafuka. Watu walikimbia na vifurushi, wengine na dhahabu zao wamezishonea ndani ya nguo. Yeye alikimbia na fimbo ya kupigia pamba pamoja na shazia, ile sindano ndefu ambayo kwetu tunashonea magunia.

"Dhahabu inaisha," huwa anasema. "Kulala, kila mtu analala."

Alipofika mtaa wetu alipanga chumba kimoja chenye jiko la nyuma, katikati ya duka la dawa na kinyozi. Kinyozi mwenyewe ni mume wangu. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo nilikuwa na masikio pale, ingawa ni masikio ya mwanamume, yanayoacha mambo yote ya maana yapite.

"Jirani yako mpya anafanya nini?" nilimwuliza.

"Anapiga godoro."

"Analipiga kwa nini?"

"Sijui. Labda lilimjibu vibaya."

Nikaenda kujionea. Nilisimama mbele ya duka la dawa kama mtu anayesubiri zamu, nikatazama. Alikuwa amepasua godoro kuukuu na kumwaga pamba yake kwenye turubai, imegandamana mabonge mabonge. Akaichapa kwa fimbo mpaka ikafumuka, akaianika juani, akaishindilia ndani ya kitambaa kipya cha mistari. Halafu akadunga shazia kutoka juu mpaka chini, akavuta uzi, akafunga kifundo, akasogea, akadunga tena, ili pamba isije ikahama na kumwachia mtu mfupa wa kitanda mgongoni. Godoro lililoingia bapa kama ubao lilitoka limevimba kama limekula shibe. Na pamba ilikuwa inaruka. Ilikaa kwenye nyusi zake, kwenye kope, ndani ya masikio. Watu wakampa jina. Lile la kwao hakuna aliyeliweza. Hata mchungaji, siku ya kumtambulisha kanisani, alilianza vizuri, alipofika katikati akasema "amina", nasi tukaitikia.

Aliyemleta kwenye ushirika wetu ni Mama Mchungaji. Sisi akina mama tuna ushirika wa Alhamisi. Tunakwenda nyumba kwa nyumba, tunaimba, tunaomba, mwenye nyumba anatoa chai. Nyumba kwa nyumba ni maneno tu. Kwa miaka mingi zamu ilikuwa inazunguka kidogo halafu inarudi kwangu, kwa sababu mimi nina sebule. Nafuma vitambaa vya makochi kwa kulabu, ndiyo kazi yangu, na vile vizuri kabisa siuzi. Viko kwangu, kila kochi na chake, mpaka redio ina chake. Vikombe vya wageni viko kwenye kabati la kioo. Mgeni akija kwangu ni mfalme. Hagusi kitu, haoni jiko, hasikii hata sufuria ikigongana na mfuniko.

Basi ikafika zamu ya Mama Pamba.

Nilivaa gauni la Jumapili ingawa ilikuwa Alhamisi. Nikamchukua na binti yangu, ambaye wakati huo ndiyo kwanza ameolewa. Mlangoni Mama Pamba alinishika mikono yote miwili, akanibusu shavu hili na hili, akasema, "Karibu, karibu, dada!" Na kabla sijaona pa kukaa, akanitia kisu mkononi. Kisha sinia la vitunguu.

Nilidhani anataka nimshikie tu.

"Menya," akasema, akageukia mwingine, akampa karoti. Mama Mchungaji alipewa kinu na mchi. Mama Mchungaji, mke wa mtumishi wa Mungu! Akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kutwanga.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na wahenga hawakuwa watu wa kubembeleza, lakini hata wao walimwachia mgeni siku mbili za kupumua. Huyu jembe alinipa mlangoni, siku ya kwanza, viatu bado viko mguuni.

Nilimenya viwili. Gauni langu likashika harufu ambayo mpaka leo nikilipiga pasi inaamka. Na wenzangu? Nilitegemea watanitazama kwa jicho la pembeni, tuelewane. Wapi! Waliimba huku wanakata. Waliomba mikono ikiwa na maji. Mama mmoja ambaye Alhamisi zote hizo kwangu alikuwa anasema "Bwana asifiwe" na kunywa chai basi, kule, akiwa ameinamia karoti zake, alieleza kwamba mumewe amerudia pombe na kwamba amechoka. Mama Pamba alimsogezea karoti nyingine. Tukamwombea mle mle jikoni, moshi unatoka, machozi yanatutoka, hakuna anayejua ya moshi ni yapi.

Binti yangu alipewa unga wa mkate akande. Alitoka na unga mpaka kwenye viwiko, anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aolewe.

"Leo tumeshiriki kweli kweli," alisema Mama Mchungaji njiani.

"Tumeshiriki vitunguu," nikasema.

"Wewe nawe! Una wivu na vitunguu?"

Nilikana, bila shaka. Lakini Alhamisi iliyofuata mtu mmoja alisema, "Kwa Mama Pamba je, hatuwezi tena?" na mwingine akasema kwake kuna joto, joto zuri. Vikombe vyangu vya kabatini vikaanza kushika vumbi. Vumbi la kikombe cha mgeni ndugu zangu mnalijua? Linakaa ndani, pale chini, kama jicho linakutazama.

Nikaona nimfundishe. Mtu hawezi kujua asichofundishwa, nikasema, ngoja mgeni huyu apokewe mara moja na watu wanaojua kupokea. Nikamwalika peke yake, Jumapili baada ya ibada. Nikampa heshima yote. Nikamkalisha sebuleni kwenye kochi la katikati, nikatandaza kitambaa kipya mezani, nikampangia sahani za maua, nyama nzuri, maji ya kunawa ya vuguvugu. Mume wangu nikamtuma nje asije akaanza soga zake za kinyozi. Kisha nikafunga mlango wa sebule, ili ale kwa raha zake bila kutazamwa mdomo. Mimi nikakaa jikoni kimya, nasikiliza.

Kulikuwa kimya mno. Nilipoingia, alikuwa amekula kidogo sana. Alisimama, akasema "asante" mara nyingi, macho yake mekundu, akatoka kama mtu anayewahi gari. Hakurudi tena kwangu. Hata zamu yangu ya ushirika ilipofika, akasema ana magodoro ya hoteli.

"Umeona?" nilimwambia mume wangu. "Hana shukrani."

"Labda nyama ilikuwa na chumvi."

"Nyama yangu?"

"Basi, haikuwa na chumvi," akasema, akaondoka kabla mambo hayajamgeukia.

Hayo yote ningeyameza. Jirani asipokuja kwako, dunia haisimami. Lakini binti yangu aliposhika mimba ndipo nilipoona mambo yanakwenda upande.

Mkwe wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko hapa, kesho yuko mpaka gani sijui. Kwa hiyo ilieleweka bila kusemwa kwamba mtoto atakapozaliwa, binti yangu atakuja kupumzika kwangu. Mtoto wa kwanza unamlea ukiwa karibu na mama yako. Mimi nililelewa hivyo na wangu. Nikapaka rangi chumba chake cha zamani. Nikashona mapazia. Nikanunua godoro la dukani, la sponji, nikaliacha ndani ya nailoni yake lisishike vumbi.

"Si ungempa jirani yangu atushonee la pamba?" alisema mume wangu.

"Jirani yako ana magodoro ya hoteli."

Kila binti yangu alipokuja nilimkalisha. Nilimwekea mto mgongoni, nikamletea juisi katika bilauri ya kabatini. Akitaka kupeleka bilauri jikoni namnyang'anya. "Kaa, mama. Wewe siku hizi ni mgeni hapa." Alikuwa anakaa, mikono kwenye mapaja, anatazama redio iliyovaa kitambaa. Baada ya muda anasema, "Haya mama, ngoja niende." Kesho yake anakuja na pamba kwenye nywele.

Jioni moja alikuja, hakukaa.

"Mama, nina neno. Lakini presha isipande."

"Imeshapanda. Sema."

"Nikijifungua nitapumzika kwa Mama Pamba."

Nilikuwa nimeshika kulabu na uzi. Nikafuma mishono kama mitatu hivi kabla sijasikia alichosema.

"Kwa nani?"

"Mama, tafadhali."

"Chumba nimepaka rangi. Mapazia nimeshona. Wewe unakwenda kulala kwenye chumba kimoja na mtu anayepika hapo hapo, kwa mtu asiye ndugu, asiye kabila, asiye chochote?"

"Ni dada katika Bwana. Si ndivyo mnavyosema Alhamisi?"

"Dada katika Bwana ni wa Alhamisi! Uzazi ni wa mama!" Nikaona hayatoshi, nikaongeza. "Na yeye ambaye hakuzaa, mtoto atamwogeshaje? Kwa fimbo ya pamba?"

"Hayo usiyarudie, Mama," alisema binti yangu polepole. Akachukua mkoba wake.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Alichukua gazeti, akakaa nalo mbali.

Mtoto alizaliwa alfajiri, hospitali. Uchungu ulimshika binti yangu akiwa kwa Mama Pamba, na mwenye duka la dawa akawapeleka kwa gari lake. Mimi nilifika nahema, kitambaa cha kichwa kimegeuka. Kwenye benchi la nje ya wodi alikuwa amekaa yeye, pamba bado kwenye nyusi. Aliponiona alisimama haraka.

"Msichana," akaniambia, uso wote unang'aa. "Mzima. Mama mzima. Ingia wewe, dada. Wewe ndiye mama. Mimi nilisema, siingii, nangoja mama yake kwanza."

Mtu mwingine angemshukuru. Mimi niliona moto. Ruhusa ya kuingia kwa mwanangu mwenyewe napewa na mgeni! Nikapita bila kumjibu. Nilimshika mjukuu wangu, akiwa mwekundu na amekunja uso kama anadai kitu, na hata nilipokuwa namtazama nilikuwa nawaza kwamba habari za kuzaliwa kwake nimeambiwa na mwingine.

Walipotoka hospitali walikwenda kule. Mimi nikakaa kwangu. Nilisema sina nafasi, nina oda ya vitambaa vya harusi. Mume wangu alikuwa anavuka kila akikosa wateja, ukuta kwa ukuta, halafu anarudi nyumbani jioni na pamba kwenye ndevu.

"Mtoto ana pua yako," aliniambia.

"Nani kasema?"

"Mama Pamba."

"Pua yangu yeye anaijulia wapi?"

"Anasema anaiona kila siku ikipita mbele ya mlango wake bila salamu."

Nililala na pua hiyo ukutani. Asubuhi nilipika supu, nikaimimina kwenye chupa ya chai, nikavaa gauni la Jumapili, lile lile la vitunguu. Nilikuwa nimeamua. Nakwenda kumchukua binti yangu na mjukuu wangu, na nikikuta kelele, kelele nitazimudu.

Mlango ulikuwa wazi. Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta juu ya godoro jipya la pamba, la mistari ya buluu, mtoto amelala pembeni yake. Mikononi alikuwa na kibao, anazungushia uzi wa kushonea, taratibu. Mama Mchungaji alikuwa anakunja nepi. Mama Pamba yuko chini, kwenye turubai, anashona mto.

"Nimekuja kuchukua walio wangu," nikasema. Sikutoa hata salamu.

Mama Mchungaji aliacha nepi hewani. Mama Pamba alinitazama usoni, akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia vitu vinasogezwa. Akarudi na kigoda, sinia na kisu.

"Sikuja kumenya!"

Akaweka kigoda, akaweka sinia juu yake, akarudi kwenye mto wake kama vile nimesema asante.

"Mama," alisema binti yangu. "Kaa umenye."

"Hata wewe?"

"Unajua kwa nini nipo hapa? Hujaniuliza hata siku moja. Umeuliza kila mtu, umetazama pamba kwenye nywele zangu, lakini mimi hujaniuliza."

"Haya, nauliza."

Alizungusha uzi mara mbili tatu kwanza. "Tangu niolewe sijagusa kijiko nyumbani kwetu. Nikisimama, unanikalisha. Nikishika kikombe, unaninyang'anya. Unaniambia mimi ni mgeni, unacheka, lakini ndivyo ilivyo. Ningekuja kwako na mtoto, ningelazwa kwenye kile chumba, naletewa uji, mlango unafungwa ili nipumzike. Mama, mimi naogopa. Sijawahi kumshika mtoto mchanga. Nataka mahali ambapo nikikosea kuna mtu anayenisikia."

"Kufunga mlango ni heshima," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imepungua. "Hujui? Mgeni anaachwa ale kwa raha."

Mama Pamba aliinua kichwa. "Kwenu heshima?"

"Heshima kubwa."

"Ile siku, Jumapili? Ile ilikuwa heshima?"

"Sasa ulidhani nini?"

Akaweka shazia chini. "Dada, kwetu chakula peke yako, mlango funga, ni mtu anaondoshwa. Mtu amefanya vibaya. Wanampa chakula kizuri, peke yake, halafu kesho asionekane tena. Mimi nilikula pale, nikasema moyoni, huyu dada ananifukuza, lakini ananifukuza vizuri, kwa sahani za maua."

Mama Mchungaji alicheka mpaka akajifunika uso kwa nepi. Binti yangu naye. Mimi sikucheka, nilikuwa naona ile nyama iliyobaki na macho yake mekundu.

"Na vitunguu?" nikamwuliza. "Siku ile ulinipa vitunguu kama mtumishi wako. Hiyo kwenu ndiyo nini?"

"Wengine karoti," akasema. "Wewe vitunguu. Nilikuona mlangoni, gauni zuri, uso unacheka, lakini hapa," akagusa koo lake, "hapa kuna kitu. Mama yangu alipokufa, majirani walinipa vitunguu. Mtu ana machozi, anaona aibu. Akishika vitunguu analia, na hakuna wa kuuliza."

Kisu kilikuwa kimeshaingia mkononi mwangu, sijui saa ngapi. Nikakaa kwenye kigoda na kuweka sinia mapajani. Nilimenya cha kwanza, nikakikata, nikaanza. Nililia kwa ajili ya chumba nilichopaka rangi. Nililia kwa benchi la hospitali, na kwa yale maneno ya fimbo ya pamba ambayo sikuwa na uhakika kama yalimfikia. Nililia pia kwa sababu binti yangu alikuwa mzuri mno pale, juu ya godoro la mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza. Mama Mchungaji alirudi kwenye nepi zake. Mama Pamba, bila kunitazama, alinyoosha mkono akaniongezea vitunguu vingine vitatu kwenye sinia.

Msidhani wivu ulikwisha. Wivu si homa utoe jasho upone. Nilipomaliza kumenya nilinawa, nikamimina supu, nikamlisha binti yangu, na bado nilikuwa naona jinsi mtoto alivyogeuza kichwa aliposikia sauti ya Mama Pamba. Lakini sikusema tena habari ya kumchukua mtu.

"Alhamisi ushirika ni kwangu," nikasema mlangoni. "Mje wote. Na mtoto. Na wewe fundi, usiniambie una magodoro ya hoteli."

Alhamisi hiyo asubuhi nilivua vitambaa vyote kwenye makochi, nikavikunja. Mume wangu alisimama anatazama redio iliyo uchi.

"Tunahama?"

"Nenda kazini."

Walipofika nilikuwa mlangoni na visu. Mama Mchungaji nikampa mchele achague. Yule mama wa karoti nikampa karoti, kwa sababu amezizoea. Mama Pamba alikuja wa mwisho, amembeba mtoto, binti yangu nyuma yake. Alisimama kizingitini kama mtu anayetazama maji kabla ya kuvuka. Nikamwekea sinia mbele. Vitunguu nilikuwa nimechagua mwenyewe sokoni, vile vidogo vyekundu, vinavyochoma hata mtu aliye chumba cha pili.

"Menya," nikamwambia.

Alitazama sinia, akanitazama mimi. "Dada," akasema, na machozi yakamtoka kabla hajagusa kitunguu hata kimoja. Akaingia jikoni kwangu, akavua viatu.

"Mtoto nipe mimi," nikasema. "Huwezi kumenya naye."

Binti yangu nilimpa mwiko. Alifungua droo bila kuuliza, akachukua kijiko, akaonja mchuzi, akakunja uso, akaanza kupekua rafu.

"Mama, chumvi umeihamisha."

"Haijahamishwa. Aliyehama ni wewe."

Akacheka. Kile kicheko cha unga wa mkate. Kilikuwa jikoni kwangu, mimi nakisikia kutoka kwenye kochi, ambako nilikuwa nimekaa peke yangu kama mfalme na mjukuu wangu kifuani. Waliimba, wakakata, wakaomba. Yule mama alisema mumewe ana wiki nzima hajanywa, tukashangilia. Mimi nilisema amina kutoka pale pale nilipokaa. Wenzangu wote walikuwa na kazi mikononi, mimi nilikuwa na mtoto. Kama hilo lilikuwa na hila kidogo, Mungu analijua.

Binti yangu alichungulia, mwiko mkononi. "Mama, nikija kukaa hapa, lile godoro la nailoni sililalii."

Nilifungua mdomo nilisemee godoro langu. Kutoka jikoni ikaja sauti ya Mama Pamba, nzito kwa vitunguu:

"Godoro linabebeka!"

Kesho yake asubuhi alivuka mtaa akiwa nalo kichwani, pamba inapepea nyuma yake, mume wangu ameacha mteja nusu kichwa ili aje kushangaa. Chumbani aliniambia, "Shika huku," nikashika upande wangu, tukalitandaza pamoja chini ya mapazia yangu.

Binti yangu yuko kwangu sasa. Anaosha nepi, anakosea, ananiita, naenda. Mama Pamba anakuja kila siku akifunga kazi. Haniulizi kama aingie. Anasimama mlango wa sebule, ananyoosha mikono, anamwita mtoto kwa neno moja la kwao, na mtoto anageuza kichwa, namwona anavyogeuza. Mimi namkumbatia mtoto vizuri kidogo.

"Karibu dada," namwambia. "Vitunguu viko jikoni."